Tupeane uzoefu: pikipiki za umbo la kizamani, kwa nini hazichuji, na pwani zinatunzwaje?

Spoki36

Assalaam aleikum wana Mombasa, na majirani wa Mtwapa hadi Diani.

Uzi huu ni wa pikipiki nyepesi za umbo la zamani: taa duara, kiti kirefu bapa, shoki mbili nyuma, rimu za spoki, injini ya silinda moja inayopozwa na upepo. Honda CG na ndugu zake wa Kichina, Boxer, Yamaha za miaka ile, na kwa mwenye uwezo, Royal Enfield. Kila mwaka madukani huingia mashine za plastiki zenye ncha kama kisu, lakini simama Kongowea au Mwembe Tayari wakati wa magharibi uone kiti bapa kinavyotawala. Kuna sababu, na si umaskini peke yake.

Sharti ni moja: hadithi za "mimi na pikipiki yangu" tuziache barazani. Lete kipimo, lete hatua, sema kinachoharibika na kwa nini.

Naanza. Honda walipoitoa CG125 katikati ya miaka ya 1970, tayari walikuwa na injini nzuri za kamshafti (shafti inayofungua valvu) ya juu inayozungushwa na cheni. Wakarudi nyuma makusudi. Kamshafti wakaiweka chini, valvu zikawa zinasukumwa na fimbo mbili ndefu. Walijua inakokwenda oili haitabadilishwa kwa wakati, na oili ikichakaa, cheni ya kamshafti na tensha yake (kikaza cheni) ndivyo hulalamika mwanzo. Cheni ya tairi nayo wakaifungia ndani ya kava zima ili mchanga usiifikie. Pistoni ya milimita 56.5, mwendo wa 49.5, jumla sisi (cc, ujazo wa injini) 124. Injini hiyo ndiyo iliyonakiliwa na viwanda vya China mpaka leo, na ndiyo sababu spea zake unazipata hata kwenye kibanda kinachouza kadi za simu.

Tapeti Baridi

Wa aleikum salaam. Nashika hapo kwenye fimbo.

CG kipimo cha tapeti (nafasi kati ya valvu na kinachoisukuma) ni kimoja kwa valvu zote mbili, 0.08 mm, injini ikiwa baridi. Baridi ni ile iliyolala usiku kucha. Saa moja chini ya mwarobaini haitoshi, kwa joto la hapa chuma bado kimevimba na kipimo utakachopata ni cha uongo.

Unahitaji fila geji (vibapa vyembamba vya kupimia nafasi), spana ya nati ya tapeti (9 au 10, hutegemea nakala), spana ya plagi ya 18 na koleo dogo. Toa plagi ili injini izunguke kwa wepesi, fungua mfuniko wa tapeti, tia gia ya juu kabisa, kisha zungusha tairi la nyuma kwenda mbele polepole. Tazama tapeti ya upande wa kabureta. Itabonyea, itainuka, halafu endelea kidogo mpaka pistoni ifike juu. Ukifungua upande wa sumaku utaiona herufi T imekaa sawa na alama yake. Hapo tapeti zote mbili zicheze kwa kidole. Moja ikiwa imebana, ujue uko kwenye mwisho wa kutoa moshi, zungusha kranki duru nzima moja.

Fila ya 0.08 ipite kwa kukwaruza, kama karatasi unayoivuta chini ya kitabu. Ya 0.10 isipite. Sasa kaza nati huku umeishika skrubu na koleo, kisha pima tena. Nati inapokazwa huivuta skrubu na nafasi hubadilika. Mafundi wengi huishia kabla ya hiyo hatua ya mwisho, mteja anarudi wiki ijayo.

Kwa nini tunahangaika? Valvu ya kutoa moshi huzama kidogo kidogo kwenye kiti chake, kwa hiyo nafasi hupungua yenyewe. Ikiisha, valvu haifungi sawasawa. Joto lake hutoka kupitia kile kiti, na isipokigusa huungua ukingoni. Dalili ni hii: asubuhi inawaka kiki moja, ikishapata moto ukaizima dukani, haiwaki tena mpaka ipoe. Watu hununua plagi, koili, kabureta nzima, kumbe ni kazi ya nusu saa.

Tapeti inayolia kidogo msiiogope. Ogopeni iliyonyamaza.

Boxer na nyingine za kamshafti ya juu zina vipimo vyake, tazama kitabu chake. Usibebe 0.08 ukaipeleka kila mahali.

MajiMatamu

Yote sawa, lakini hapa kwetu injini hufa mwisho. Kinachotangulia ni chumvi.

Chumvi ina tabia ya kunyonya unyevu hewani. Ikishakaa kwenye chuma, chuma hubaki kimelowa hata siku ya jua kali. Msimu wa kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba, upepo unatoka baharini moja kwa moja, na pikipiki inayolala nje Nyali au Likoni hupakwa chumvi kila usiku bila kuguswa na wimbi. Kwa hiyo kuosha hapa ndiko kutunza chuma, urembo baadaye.

Kosa kubwa ni maji. Visima vingi vya kisiwani na pwani ya kaskazini vina magadi na chumvi. Ukiosha kwa maji hayo ukaanika juani, umeongeza chumvi juu ya chumvi. Nunua maji matamu ya mkokoteni, nusu ya mtungi wa lita 20 inatosha kwa pikipiki nzima ukitumia ndoo na sponji. Anza chini: ndani ya madigadi, nyuma ya spoki, chini ya eksozi, mkono wa tairi la nyuma. Tangi na kiti mwisho. Zile mashine za kuoshea gari kwa kani zisielekezwe kwenye habu wala kwenye swichi, zinasukuma maji na chumvi mpaka kwenye beringi. Ukimaliza, iendeshe dakika tano ikauke, halafu pitisha kitambaa chenye oili nyepesi kwenye spoki na kromu. Mbali na breki.

Oili chafu wanayopaka watu kwenye rimu inazuia kutu kweli, lakini inashika mchanga wote wa Bamburi na kukuchafulia nguo. Si dawa, ni fujo.

Na boliti. Boliti ya chuma kwenye injini ya alumini, ukiongeza chumvi, hulana taratibu mpaka zinakuwa kitu kimoja. Kila unapofungua boliti, irudishe na grisi kidogo kwenye nyuzi zake. Iliyoganda usiipigie nguvu: mafuta ya kupenya jioni, nyundo ndogo kichwani mara kumi hivi, asubuhi ongeza moto, kisha kaza kidogo *kwanza* kabla ya kufungua. Ukisikia "tik" imeachia.

Tapeti Baridi

Niongeze hapo kwenye skrubu. Zile za msalaba kwenye kava za injini za Kijapani si sawa na msalaba wa bisibisi ya kawaida. Ya kawaida huteleza ikizidiwa, ndiyo maana skrubu zinaliwa vichwa. Tafuta bisibisi ya Kijapani, au ukishazifungua mara moja, weka boliti za elenki za M6 za urefu ule ule. Zipange kwenye kadibodi ulilochora umbo la kava, maana urefu unatofautiana na ndefu ikiingia pa fupi itatoboa.

Mzee wa Kiki

Nawasoma wanangu. Lakini mnachanganya vitu viwili: pikipiki *rahisi* na pikipiki yenye *sura* ya zamani.

Royal Enfield Bullet ni jina la tangu 1932, na kuanzia 1955 zikaanza kuungwa Madras, India, zikaendelea huko hata baada ya kiwanda cha Uingereza kufa. Hiyo ya zamani ilikuwa rahisi kweli. Classic 350 iliyokuja 2021 ina sura ile ile, sisi 349, nguvu farasi kama 20, uzani kilo 195, lakini ndani mna sindano ya petroli (inayorushia injini petroli badala ya kabureta), pampu ndani ya tangi, sensa, ABS (breki zisizogandisha tairi). Triumph nao walipoitilia Bonneville sindano mwishoni mwa miaka ya 2000, waliificha ndani ya umbo la kabureta ili macho yasijue! Hata Yamaha SR400, iliyotengenezwa kuanzia 1978 hadi 2021 na kuwaka kwa kiki peke yake, ilimalizia maisha yake na sindano.

Sisemi ni mbaya. Sindano hujipima yenyewe na haihitaji choki. Ila betri ikifa, pampu haisukumi, na kiki haikusaidii. Anayetaka sura anunue sura, anayetaka kuitengeneza chini ya mwembe ahakikishe ina kabureta. Asije akalia baadaye kwamba amedanganywa na taa duara.

Jeti

Shikamoo Mzee wa Kiki. Umesema kabureta, basi hapa pana jambo la sisi wa pwani peke yetu.

Pikipiki nyingi za mkono wa pili hutelemshwa kutoka Nairobi na kwingine bara. Nairobi ni zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na fundi wa kule aliyeona inatoa moshi mweusi atakuwa ameweka jeti kuu (kitundu kinachopitisha petroli kwenye kabureta) iliyo ndogo au ameteremsha sindano ya kabureta (si ile ya Mzee, hii ni kijiti kinachopunguza petroli). Ikifika Mombasa, hewa ni nzito, petroli ni ile ile kidogo, mchanganyiko unakuwa mkavu. Inakohoa kwenye kabureta ukifungua ghafla, inavuta vibaya kupanda daraja la Nyali na abiria, injini inachemka, na plagi inatoka nyeupe kama chokaa.

Tiba huanza na plagi. Endesha kilomita tano hivi kwa mwendo wa kawaida, zima, acha ipoe, toa plagi. Rangi ya biskuti ni sawa. Nyeusi ya masizi, petroli imezidi au kichujio kimeziba. Nyeupe, petroli haitoshi. Ikiwa nyeupe, kwanza hakikisha hakuna hewa inayoingia kati ya kabureta na injini. Pitisha maji ya sabuni kwenye ile shingo ikinguruma, na mlio ukibadilika, gasketi au oringi imekwisha. Kama ni salama, toa sindano: klipu ikishushwa tundu moja, sindano hupanda na petroli huongezeka. Bado nyeupe? Soma namba ya jeti kuu, ilinganishe na ya kiwandani kwa mashine hiyo, rudisha ya asili. Usipanue jeti kwa waya wala drili. Tundu likishakuwa yai hakuna anayejua tena ni namba ngapi.

Skrubu ndogo ya pembeni: ifunge taratibu mpaka iguse, *bila kukaza*, kisha fungua duru moja na nusu. Huo ni mwanzo. Injini ikiwa na moto, sogeza robo duru huku na huku mpaka mlio uwe wa juu na tulivu kuliko pote. Skrubu ikiwa upande wa kichujio, inapima hewa, ukifungua unapunguza utajiri wa petroli. Ikiwa upande wa injini, inapima petroli, na mambo hugeuka. Wengi hawalijui hili, wanazungusha tu wakisubiri rehema.

Na kama inataka choki hata mchana wa Februari, au inazima kila ukiachia mafuta, jeti ya mwendo mdogo imeziba. Kwa unyevu wa hapa maji hujikusanya chini ya kikombe cha floti. Kila wiki mbili fungua ile skrubu ya kumwagia, kinga kwenye glasi, uone: maji hukaa chini kama shanga.

Mwana wa Kisauni

Swali. Wateja wangu wengi ni kina mama wenye mabuibui, wanakaa upande. Kile chuma cha pembeni mwa tairi la nyuma kimelegea na vijana wananiambia nikitoe, eti kinaharibu sura. Kina kazi?

Spoki36

Usikitoe! Hicho ndicho kinachobeba roho ya abiria wako. Pikipiki za India huja nacho kwa ajili ya sari, na buibui, leso na mtandio ni mambo yale yale. Kwetu tunapita kushoto, abiria wa upande huelekea kushoto ili ashukie ukingoni, na katika nyingi ya pikipiki hizi cheni nayo iko kushoto. Maana yake kitambaa chote kinaning'inia juu ya cheni na spoki. Kikivutwa, si kitambaa peke yake kinachokwenda.

Kwa hiyo kaza boliti zake na weka washa za kujikunja ili mtetemo usizilegeze. Kava zima la cheni likiwepo, libakishe. Mwambie abiria akusanye pindo alikalie kabla hujaachia klachi. Hata hivyo kukaa upande kunasogeza uzani kushoto, kona ya kulia ingia polepole.

Ukishafika hapo nyuma, tazama na vingine. Cheni ya 428 (hiyo ni saizi yake) icheze milimita 20 hadi 30 katikati ya upande wa chini, abiria akiwa ameshuka. Zungusha tairi upime sehemu nne, maana cheni iliyovutika huwa imebana pahali na kulegea pengine, na unapima pale palipobana zaidi. Ukiikaza kwa kipimo cha palipolegea, utaua beringi ya gia. Isafishe kwa mafuta ya taa na brashi, ikauke, kisha oili ya gia ya 90 kwa upande wa ndani wa cheni, tairi likizunguka kwa mkono. Injini ikiwa imewashwa hapana, vidole havina spea. Cheni, sproketi ya mbele na ya nyuma hubadilishwa pamoja. Cheni mpya kwenye meno yaliyopinda kama ndoana haifiki mbali.

Breki ya drum: kanyagio liwe na nafasi ya milimita 20 hadi 30 kabla ya kushika. Baada ya kupita kwenye maji ya mvua ya masika, ibonyeze kidogo kidogo ukienda mpaka ikauke. Kile kijiti kinachotanua shuu hugandishwa na chumvi, utakijua ukiinua pikipiki kwa stendi kubwa, tairi linasota na habu ina moto. Kitoe, kisugue, grisi kiasi cha punje ya mchele. Zaidi ya hapo itayeyuka iende kwenye shuu.

Spoki zigongwe na spana ndogo moja moja. Zilizokaza zinalia "ting", iliyolegea inasema "tap". Robo duru kwa wakati, usizidishe, na nipeli iliyoganda itiwe mafuta kwanza, la sivyo utakata spoki.

Mwana wa Kisauni

Shukrani sana, nimeelewa. Kinabaki.

MajiMatamu

Oili hamjaigusa. CG haina kichujio cha karatasi, ina wavu chini na kikombe kinachozunguka nyuma ya kava la klachi kukamata uchafu kwa mzunguko. Kwa hiyo oili yenyewe ndiyo kichujio. Karibu lita moja, 20W-50 yafaa kwa joto hili, na kwa kazi ya boda imwagwe kila kilomita 1,500 hadi 2,000 ikiwa na moto. Chupa iwe na alama ya JASO MA, yaani oili inayofaa klachi ya pikipiki. Klachi inaogelea kwenye oili hiyo hiyo, na oili za gari zilizotiwa vilainishi huifanya iteleze: injini inalia, pikipiki haiendi.

Waya pia. Ukiona ukijani kwenye maungio, hiyo ni shaba inaliwa. Tenganisha, sugua kwa msasa laini, paka mafuta ya mgando, unganisha. Anza na waya wa athi ulioshikwa kwenye fremu. Nusu ya "taa hafifu" zinaishia hapo.

Jeti

Mtu kaniuliza inboksi kuhusu tangi lenye kutu ndani, nijibu hapa kwa faida ya wote.

Kutu hutokana na tangi lililo nusu. Hewa yenye unyevu huingia, usiku hupoa, matone hushuka ukutani. Pikipiki ikilala zaidi ya wiki, ijazwe.

Likishaota kutu: limwage, toa bomba la petroli na floti ya geji, suuza kwa sabuni ya unga na maji matamu mara tatu mpaka harufu iishe kabisa. Tangi lenye mvuke wa petroli lisikaribishwe moto, hata sigara ya jirani. Ziba tundu la bomba, tia kokoto ndogo za mviringo au mnyororo mfupi, tikisa dakika kumi, toa, uhesabu zimetoka zote. Jaza siki nyeupe hadi shingoni, acha saa 24. Siki usiitupe, ukiichuja kwa kitambaa inatumika tena mara moja. Kisha suuza na magadi ya kuokea, vijiko viwili vya chakula kwa lita moja ya maji, ili kuua asidi. Suuza tena maji matamu, papo hapo likaushe kwa hewa ya kompresa. Ukilianika tu juani, ndani ya saa moja litageuka rangi ya chungwa upya. Likikauka, zungusha nusu glasi ya oili ya injini ishike kuta zote, mwaga, jaza petroli. Rudisha na chujio jipya la plastiki kwenye mpira wa petroli, na litazame kila jioni kwa wiki ya kwanza. Likiwa na vumbi jekundu, badilisha, ni la bei ya chai na mahamri.